Kiangazi Tulichofungiwa Bomba

Kahawa inapoanikwa hutoa harufu mbili. Siku za kwanza, maganda yakiwa bado mekundu na yananata, inanukia utamu wa matunda yaliyoanza kuchacha. Baadaye, jua likishaikausha ikawa nyeusi na kulia kama changarawe inapopitishwa reki, hunuka vumbi na gunia kuukuu. Nilikulia kati ya harufu hizo mbili, nyuma ya maghala ya Omurushaka, mahali palipoitwa Kwa Mabati. Abiria waliopita kwa mabasi ya Bukoba na ya Kyerwa waliona maduka, nyumba za kulala wageni, na maturubai marefu ya kahawa yaliyotandazwa mbele ya maghala. Sisi hawakutuona, kwa kuwa barabara ilikuwa mbele na sisi tulikuwa nyuma, na kati yetu na barabara palikuwa na ukuta wa ghala usio na dirisha hata moja. Asubuhi jua lilichelewa kutufikia kwa sababu ya ukuta huo. Mpaka leo nikiamka kwenye chumba chenye baridi na nje kumeshakucha, kwa dakika chache huwa sijui nina umri gani.

Vyumba vyetu vilijengwa kwa miti na udongo, kwa mstari mmoja mrefu, vikaezekwa mabati yaliyobanduliwa kwenye ghala la zamani. Matundu ya misumari yalibaki wazi, na adhuhuri yalimwaga vidoa vya mwanga sakafuni ambavyo nilivifuata kwa kidole nilipokuwa peke yangu. Mwenye vyumba aliishi Bukoba na wengi wetu hatukuwahi kumwona. Waliopanga walikuwa Waha waliokuja kutoka Kigoma kuchuma kahawa, Warundi kama sisi waliovuka mpaka miaka ya vita na hawakujua warudi wapi, na familia kadhaa za wafugaji wa mbugani ambao ng'ombe wao walikwisha kwa ugonjwa. Tulizungumza lugha tofauti usiku na Kiswahili mchana. Kwa wenyeji wenye vibanja vyao vya migomba na kahawa, wote tulikuwa kitu kimoja: abanyamahanga, yaani watu wa mataifa. Neno lenyewe si tusi. Inategemea nani analisema, na anakutazamaje wakati analisema.

Baba yangu, Pasikali, alikuwa mbeba magunia ghalani. Alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, mpole kupita kiasi, aliyeondoka alfajiri na kurudi nywele zikiwa na vumbi la maganda kama mtu aliyezeeka kwa siku moja. Mama hakuwepo. Mwanzoni mwa kiangazi hicho aliletewa habari kwamba bibi yangu mzaa mama anaumwa huko Burundi, akafunga kitenge chake na kuniambia atarudi kabla ya maharage kuvunwa. Maharage yakavunwa, yakapigwa, yakauzwa. Kila lori lililotoka upande wa mpakani nilisimama kwenye kona ya ghala nikalitazama hadi lilipomaliza kushusha watu. Baba aliniona lakini hakunikataza wala hakunipa moyo. Jioni alipika uji, tukanywa, akaniuliza nilichosoma shuleni, nami nikamwambia, kisha tulikaa tu. Nilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la nne, na nilianza kujua kwamba nyumba yaweza kuwa na watu wawili ndani yake na bado ikawa tupu.

Aliyenitoa kwenye upweke huo alikuwa Skola, jina lake kamili Skolastika, aliyehamia chumba cha jirani pamoja na mama yake. Hao walikuwa wafugaji. Mama Skola alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyezaliwa Kyerwa, akaolewa Kyerwa, akafiwa na mume Kyerwa, na ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote maishani mwake. Ng'ombe walipokwisha, shemeji zake walimwambia hapakuwa na kitu cha kumweka pale. Akaja Omurushaka kuchambua kahawa kwa kibarua, akapanga Kwa Mabati, na tangu siku hiyo naye akaitwa mnyamahanga. Skola alilicheka jambo hilo. Alikuwa na kicheko cha ghafla kama mtu anayepiga chafya. Alinifundisha kuiga mlio wa kumwita ndama, na jioni tulisimama nyuma ya choo tukaita ng'ombe wasiokuwepo mpaka watu wazima wakatufukuza.

Sasa nikiwa mtu mzima nasikia watu wakisema kwamba fujo za Omurushaka zilitokea kwa sababu ya ajali. Wengine husema ziliandaliwa na watu fulani. Mimi nilikuwepo, na ninavyokumbuka, zilianza kidogo kidogo, katika mambo ambayo hakuna aliyeyaita fujo. Kwanza alikuja nyapara mpya ghalani. Alitangaza kwamba kibarua atapewa mtu mwenye barua ya mwenyekiti wa kitongoji, ya kumtambulisha kuwa ni mkazi anayejulikana. Wenyeji walipata barua hizo siku hiyo hiyo. Baba alivaa shati lake la kanisani, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kwa mwenyekiti. Nafikiri alinichukua ili aonekane mtu mwenye familia.

Mwenyekiti alikuwa amekaa nje akimenya ndizi na mkewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Kisha akamgeukia Baba.

"Pasikali, mimi nakufahamu. Lakini nikuandike wewe ni mkazi wa wapi?"

"Wa hapa, mzee. Kwa Mabati."

"Kwa Mabati si kijiji. Pale ni nyuma ya ghala. Una kibanja?"

"Sina, mzee. Nimepanga."

"Basi mwambie mwenye nyumba aje anidhaminie watu wake. Akija, nitaandika."

Baba alisema asante. Alisema asante mara nyingi, akirudi kinyumenyume, na mke wa mwenyekiti akanipa ndizi mbivu moja. Huyo mwenye nyumba, ambaye hakuna aliyejua sura yake, hakuja. Nyapara akaendelea kumwita Baba siku mwenyeji asipofika, na siku nyingine Baba alikaa kwenye kivuli cha ukuta pamoja na wanaume wengine, wakitazama magunia yakibebwa na vijana waliojifunza kazi kutoka kwao. Sijawahi kusahau mikono yao siku hizo. Hawakujua waiweke wapi.

Likaja la pili. Baiskeli zikaanza kupotea mjini, na kuku, na siku moja redio ya muuza duka. Kila kitu kilichopotea kilitafutwa kwetu. Vijana wa sungusungu walikuja asubuhi tukiwa tunaoga, wakafunua magodoro, wakapindua vyungu. Hawakuwahi kupata kitu, na hilo halikutusaidia. Walisema tumeficha vizuri. Shuleni, kifutio cha mwalimu kilipopotea, darasa zima liligeuka likanitazama kabla mwalimu hajasema lolote. Kikaonekana chini ya meza yake mwenyewe. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema pole. Kuanzia siku hiyo nilikaa dawati la mwisho na Skola tu, na mapumziko tulitembea sisi wawili kuzunguka uwanja kama wagonjwa wanaofanyishwa mazoezi.

La tatu lilikuwa bomba. Palikuwa na bomba moja la maji kwenye njia panda kati yetu na nyumba za wenyeji, na kiangazi kile maji yalikuwa yakitoka kwa uvivu, uzi mwembamba unaojaza ndoo moja wakati mtu anamaliza rozari nzima. Foleni zikawa ndefu, wanawake wakagombana, ndoo zikapigwa mateke. Kamati ya maji ikakaa, bila mtu hata mmoja wa kwetu, ikaamua kwamba wenye vibanja wachote kwanza na Kwa Mabati wachote yatakayobaki. Hayakubaki. Baada ya siku chache likafungwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mama mmoja aliyeishi jirani na bomba. Nilikuwepo wanawake wetu walipokwenda kumwomba. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama mlangoni, ufunguo ukining'inia shingoni pamoja na msalaba wake, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Jamani, mimi nimeambiwa. Nikiwafungulia, kesho nitaulizwa mimi." Mama Skola, ambaye kwa kawaida hakusema, akamjibu kwa Kinyambo safi cha Kyerwa. Nililielewa neno moja tu, la maji. Yule mama alishtuka kusikia lugha yake ikitoka kwenye mdomo ule. Alitazama chini. Lakini hakufungua.

Ikabidi tuchote bondeni, kwenye chemchemi iliyo ng'ambo ya barabara kuu, mwendo mrefu wa kushuka na mrefu zaidi wa kupanda. Watoto ndio tulioenda, kwa sababu wakubwa walikuwa wakitafuta kibarua. Tulitoka shuleni, tukachukua madumu, tukatembea kando ya barabara kwenye vumbi jekundu. Msimu wa kahawa malori yalikuwa mengi na yalikimbia. Tuliyasikia kwa mbali, tukasogea kwenye majani, tukafumba macho na midomo mpaka vumbi litulie.

Siku hiyo nilikuwa nimetangulia. Dumu langu lilikuwa dogo kuliko la Skola, na tulikuwa tumeshavuka, au mimi nilikuwa nimeshavuka. Nilisikia lori, nikasogea kwenye majani kama kawaida, nikafumba macho. Nilisikia breki. Nilisikia kitu kama gunia linaloangushwa. Nilipofumbua macho vumbi lilikuwa bado limesimama, na ndani ya vumbi lile dumu lake lilikuwa likibingirika kwenye lami likimwaga maji, na maji yalikuwa yakikimbia kuteremka barabara kwa haraka sana. Lori lilipunguza mwendo. Niliona uso wa utingo ukichungulia nyuma. Kisha likaongeza mwendo likaenda.

Sitaeleza nilichokiona vumbi lilipotulia. Nitasema tu kwamba nilikaa naye, nikamshika mguu, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mzima kabisa na kiatu chake kikiwa bado kimefungwa vizuri. Nilimwita ule mwito wa ndama. Sijui kwa nini. Watu wakaja wakanikuta nikifanya hivyo.

Baba ndiye aliyembeba. Alimweka begani kama alivyobeba magunia, kisha akaona haifai, akamshusha akamkumbatia mbele, akapanda naye mlima wote mpaka Kwa Mabati bila kupumzika. Mama Skola alikutana nao njiani. Hakupiga kelele. Aligusa paji la uso la mtoto wake, akatembea pembeni ya Baba akiwa ameshika ncha ya gauni.

Msiba wa mtoto ungetosha kuwafanya watu walie na kuzika. Kilichowaka siku iliyofuata kilikuwa swali la pa kuzikia. Huku kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja cha kwao, kati ya migomba, ambapo watu wake watampita kila siku. Mpangaji hana kibanja. Kyerwa shemeji zake Mama Skola walijibu kwamba mwanamke aliyeondoka na mtoto akamzike alikomlea. Mwenye vyumba hakupatikana. Wazee wetu walikwenda kwa mwenyekiti asubuhi wakaambiwa amekwenda kwenye kikao. Walikwenda tena mchana wakaambiwa bado. Mtoto alikuwa amelala chumbani kwenye mkeka, kiangazi, chini ya mabati yale, na wanawake walipokezana kumpepea.

Basi wakambeba wakamlaza barabarani. Sijui nani alisema kwanza. Nadhani hapakuwa na wa kwanza. Nadhani watu walisimama pamoja kwa kuwa kukaa kulikuwa kumewashinda. Walitandika kitenge kwenye lami pale pale palipokuwa na alama ya maji, wakamlaza, wakaketi kumzunguka, na magari yakasimama pande zote mbili. Walitaka mwenyekiti aje. Hilo tu. Waliimba nyimbo za kanisani, za Kikatoliki na za Kilutheri zikichanganyika, na abiria walioshuka kwenye mabasi walisimama kimya na wengine walivua kofia. Kama mtu mmoja mwenye madaraka angefika saa ile akasema poleni, naamini watu wangenyanyuka. Lakini aliyefika ni muuza duka mwenye gari la mizigo, mwenye haraka zake, akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Kisha akatoa kichwa dirishani akasema, "Toeni huo mzoga wenu njiani, abanyamahanga!"

Mama Skola alikuwa ameinamisha kichwa. Alikiinua. Na nilimwona Baba yangu, mtu aliyerudi kinyumenyume akisema asante, akiokota jiwe.

Baada ya hapo nakumbuka vipande. Kioo cha gari kikimwagika kama mahindi. Moshi wa tairi, mzito, wenye ladha kooni. Vijana ambao sikuwahi kuwasikia wakipaza sauti wakikimbia kuelekea sokoni wakilitaja bomba, wakiitaja barua, wakiitaja redio iliyopotea, yote kwa pamoja, kama watu wanaosoma kitu walichokihifadhi moyoni kwa muda mrefu. Walivunja kufuli la bomba kwa nondo na maji yakatoka uzi ule ule mwembamba, na mmoja wao akakaa chini akalitazama akalia. Sokoni walipindua meza. Walikanyaga ndizi na nyanya za kina mama ambao hawakuwa wamewakosea kitu. Wengine waliiba, siwezi kusema hawakuiba. Wenyeji nao wakatoka na fimbo. Askari walipofika palikuwa na mlio wa mabomu ya machozi, macho yakawaka, nikatambaa chini ya turubai la kahawa nikalala juu ya buni za moto nikiwa nimeziba masikio. Nilipotoka, Baba na wanaume wengine walikuwa wamekalishwa chini kwenye mstari, kisha wakapandishwa gari. Alinitafuta kwa macho. Sijui kama aliniona.

Aliyeniona ni Ma Adventina. Ma ndivyo wanawake wakubwa wanavyoitwa huku, na huyu alikuwa mjane, Mlutheri wa kijiji cha Kituntu, aliyekuja kuuza ndizi siku za soko. Nilimfahamu kwa sura tu. Mama alizoea kununua kwake. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya ghala, na nguo yake ilikuwa imechafuka maji ya ndizi mpaka magotini. Alisimama mbele yangu akihema.

"Wewe si mtoto wa yule Mrundi mbeba magunia?"

"Ndiyo. Shikamoo."

Hakuitikia. "Mikungu yangu yote imekanyagwa. Yote! Na watu wa kwenu."

Nilisikia akivuta pumzi kwa pua, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

"Umekula?"

Nikatikisa kichwa.

"Mama yako amerudi?"

Nikatikisa tena.

"Mawe," alisema, yaani "mama yangu" kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, si kwangu. Akafungua kitenge chake akanifuta macho kwa ukali, kama anayenichapa. "Haya. Simama, mwana wange. Marahaba."

Ni yeye aliyekwenda kwa Mama Skola jioni ile na kumwambia kwamba Kituntu ana kibanja alichoachiwa na mumewe, na kwamba udongo wa huko haumuulizi mtu barua. Wanawe walipinga. Nilisikia mkubwa wao akimuuliza kama amesahau walichomfanyia sokoni. Akamjibu, "Huyu mtoto alikanyaga ndizi yangu ipi?" Tulimzika Skola kesho yake asubuhi, mwishoni mwa migomba, palipo na mti wa mruka wa kuzuia upepo. Watu walikuwa wachache kwa kuwa wanaume wa Kwa Mabati walikuwa ndani na wengine wamekimbia. Mwinjilisti wa Kilutheri alisali, ingawa marehemu alikuwa Mkatoliki, na alipofika mahali pa kutaja ukoo wa mtoto alisita, akamtazama mama yake, kisha akataja jina lake la ubatizo tu. Mama Skola alikaa siku chache, akawa anatoka asubuhi na kusimama pale. Siku moja alikunja mkeka wake, akaaga kwa heshima, akaelekea upande wa mbugani kwa miguu. Hatukusikia habari zake tena.

Mimi nikabaki. Ma Adventina hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinipa jembe dogo, sahani yangu ya ndizi na maharage, na kona ya kitanda cha mjukuu wake. Alinifundisha kuitikia kwa Kinyambo. Lakini watoto wa jirani walikuwa wameambiwa ninakotoka, na mchana mrefu wa likizo nilicheza peke yangu kati ya migomba, ambayo majani yake yaliyokauka hupiga makelele makavu upepo ukipita, kama watu wanaonong'ona na kunyamaza ukigeuka. Nilizoea kukaa karibu na kaburi. Sikulia pale. Nilimsimulia Skola mambo ya shule mpya, nikajibu mwenyewe kwa sauti yake, mpaka siku nilipogundua kwamba nimeanza kukisahau kicheko chake, na hapo nikaacha kujibu.

Baba aliachiliwa mvua zilipoanza. Alikonda na akawa mkimya zaidi. Kwa Mabati ilikuwa imebomolewa; mwenye nayo, ambaye hakupatikana kwa barua wala kwa kaburi, alipatikana haraka kwa kubomoa. Baba akaja Kituntu, akapewa kipande cha shamba cha kulima kwa makubaliano, na hakukanyaga Omurushaka tena hata siku ya soko. Mama alirudi baadaye sana, baada ya kumzika bibi na kukwama mpakani. Aliulizia njia nzima mpaka akafika uani kwa Ma Adventina, akaniona nikipeta maharage. "Amahoro," alinisalimu kwa Kirundi, akitabasamu na kulia. Nikapiga goti nikamwamkia shikamoo, kama nilivyofundishwa kumwamkia mgeni. Nilimwona akielewa, kabla sijaelewa mimi, kiasi gani tulichopoteza.

Siku hizi nafanya kazi Rubwera, kwenye ofisi za wilaya ya Kyerwa. Nina meza yangu, na mtoto wangu anasoma shule ambayo kila darasa lina dirisha. Mambo mengi ni bora. Sitaki kuwa mtu anayesifu zamani, kwa sababu zamani yangu haina cha kusifiwa. Lakini juu ya mji, mwanzoni mwa kilima, kumeota mtaa wa vyumba vya kupanga. Wamekuja waliokosa ardhi, waliokosa ng'ombe, waliovuka. Juzi vijana wao walifunga barabara kwa magogo baada ya bodaboda zao kufukuzwa kituoni kwa sababu si za wenyeji. Tukaitwa kikaoni.

"Swali ni moja," alisema aliyeongoza kikao. "Nani anawachochea?"

Nilisema sidhani kama kuna anayewachochea. Nilisema tuulize wanachota maji wapi, nani huwaandikia barua, na mtu wao akifa anazikwa wapi. Jirani yangu wa meza, mtu mwema ambaye hunigawia karanga zake kila siku, akanicheka kidogo. "Wewe ni mtu wa hapa, huwezi kuwajua watu hawa."

"Mimi ni wa hawa," nilisema.

Nilisikia feni. Kisha mwongoza kikao akakohoa, akaonekana kupata wazo. "Vizuri sana. Basi utatusaidia kutafsiri."

"Wanazungumza Kiswahili," nilimjibu. "Hawahitaji mkalimani."

Aliandika kitu, tukaendelea na ajenda iliyofuata, ya matengenezo ya gari. Mchana nilipokwenda kula kwa mama ntilie, wenzangu walikuwepo, wakanisogezea benchi kwa adabu ambayo haikuwepo jana. Walikuwa waangalifu. Mazungumzo yalikuwa ya mpira na ya mvua. Yule jirani yangu ndiye aliyejaribu, kwa nia njema, nami namshukuru kwa kujaribu. Alinisogezea karanga akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Kwani wewe hasa ni wa wapi?"

Nilifikiri. Burundi nilitoka nikiwa nabebwa mgongoni. Kituntu nilipewa kwa huruma ya mtu mmoja, na yeye sasa ni marehemu. Hapa Rubwera nimejua leo asubuhi kwamba nimekaa kama mpangaji.

"Kwa Mabati," nilimwambia.

Akatafuta kichwani mwake, akitafuna polepole. Akasema hapajui.

"Hapapo tena," nikasema, na tukaendelea kula.